Kuvua Besi Ziwa Naivasha: Mwongozo Kamili wa Rodi, Mshipi, Chambo na Boti Ndogo

Besi mdomo-mpana aliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa ajili ya walowezi waliotaka samaki mkali wa kuvua kwa rodi. Ameshakuwa mwenyeji. Mtu akiondoka Nairobi usiku bado haujaisha, akasafiri zile kilomita 90 hivi, anaweza kumpata besi wake wa kwanza kabla jua halijawa kali. Tatizo ni kwamba vifaa vya kumvulia, na karibu maelekezo yote yaliyoko mtandaoni, vimetengenezwa kwa ajili ya mabwawa ya Marekani. Naivasha ina mambo yake manne: mafunjo na magugu maji, kamba wa maji baridi, kiboko, na upepo wa alasiri. Kifaa chochote unachofikiria kununua kipime kwa hayo manne. Kisiposaidia hata moja, kiache dukani, hata kama kinang'aa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa anayeanza, na pia kwa aliyezoea mshipi wa mkono na sasa anataka kuhamia rodi na boti ndogo. Nitaanza na samaki, kisha vifaa vya kuvulia, kisha boti. Kwenye boti nitakaa zaidi, kwa sababu watu hutumia fedha zote kwenye chambo halafu wanaingia ziwani bila nanga ya maana.

Kwanza mjue samaki

Besi huwinda kwa kuvizia. Hajichoshi kuzunguka maji wazi kutwa nzima. Hujibanza kando ya kitu, iwe shina la mafunjo, mti uliozama, jiwe au ukingo wa zulia la magugu maji, akangoja kinachopita karibu. Kikipita, hufungua lile domo lake na kukifyonza kwa mara moja. Kwa hiyo maji wazi yasiyo na chochote ni ya kupita tu. Chambo chako kinatakiwa kuingia ndani ya maficho na kutoka humo salama, na mshipi uwe na nguvu ya kumtoa samaki kabla hajajizungusha kwenye mizizi.

Jambo la pili ni chakula. Kamba wekundu wenye asili ya Louisiana waliingizwa Naivasha mwaka 1970. Watafiti waliopasua matumbo ya besi wa ziwa hili walikuta kwamba wale wakubwa hula kamba hao kwa wingi, ilhali wadogo hutegemea zaidi wadudu wa maji. Vifaranga vya tilapia na vyura nao wamo kwenye orodha. Ukilijua hili, nusu ya sanduku la chambo la mtu wa kigeni unaweza kuisahau: unahitaji kitu kinachotembea karibu na tope, kinachoruka kidogo na kutua, chenye rangi ya kahawia au wekundu uliokolea.

La tatu ni maji yenyewe. Ziwa lilipanda sana kuanzia 2019 na 2020, likameza mashamba, majengo na misitu ya migunga iliyokuwa nchi kavu. Miti mingi imekufa ikiwa imesimama majini, na ndege wakiwemo minandi wamejenga viota juu yake. Besi anaipenda sana miti hiyo. Propela yako haitaipenda, wala ile nyaya ya seng'enge iliyobaki chini ya maji pale palipokuwa na uzio. Kaskazini, Mto Malewa na Mto Gilgil vinapoingia, maji ni ya kina kifupi na hubadilika kuwa ya kahawia mvua zikinyesha. Upande wa Crescent Island kina ni kirefu kuliko sehemu nyingine nyingi za ziwa kwa sababu kisiwa chenyewe ni ukingo wa shimo la volkano.

Rekodi ya dunia ya besi mdomo-mpana ni kilo 10.09. Iliwekwa na George Perry huko Georgia, Marekani, mwaka 1932, ikafikiwa na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Usinunue rodi kwa kumfikiria samaki wa namna hiyo. Wengi utakaowapata Naivasha hawafiki kilo 2. Nguvu ya vifaa vyako ni kwa ajili ya mafunjo, uzito wa samaki si hoja kubwa.

Rodi na rili

Kwa anayeanza, rodi moja inatosha: urefu wa futi 6 na nusu hadi 7, ugumu wa kati unaoelekea kuwa mgumu, na ncha inayopinda upesi. Rodi fupi zaidi ya hapo haikupi nguvu ya kumnyanyua samaki juu ya magugu; ndefu sana inagonga mwenzako kichwani kwenye boti ya watu watatu. Ukiwa dukani, shika mpini, mwombe muuzaji ashike ncha na kuivuta chini taratibu. Theluthi ya mwisho ipinde vizuri na sehemu ya chini ibaki imara. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete ya kupitishia mshipi. Nyuzi za pamba zikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakata mshipi siku unayomhitaji samaki.

Rili ya kuanzia ni ile inayoning'inia chini ya rodi, ambayo mshipi huchomoka kwa mbele ukifungua waya wake. Saizi 2500 au 3000 zinafaa. Haikusumbui kujifunza, na inarusha chambo chepesi hata kukiwa na upepo kiasi. Ile nyingine inayokaa juu ya rodi na kuzunguka kama winchi ina nguvu zaidi ya kung'oa samaki kwenye zulia la magugu, ila inataka kidole gumba kilichozoea kuidhibiti, la sivyo mshipi unajiviringa ukawa kiota. Inunue baadaye, uiwekee rodi yake nzito.

Breki ya rili ipime nyumbani, usibahatishe. Funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia nyama au mizigo, kisha vuta kwa rodi mpaka rili ianze kuachia. Iachie ikifika robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa ratili 12 hubeba takriban kilo 5.4, kwa hiyo breki ianze kuteleza kati ya kilo 1.4 na 1.8. Ukimaliza safari ilegeze, ili vibapa vyake vya ndani visibanane vikakosa ulaini.

Mshipi

Kuna aina tatu. Nailoni ya kawaida huzama polepole tu, hunyumbuka, na ni ya bei nafuu. Inafaa chambo cha juu ya maji na inamsamehe anayekurupuka. Fluorokaboni huzama, haionekani sana majini, na hustahimili kusuguliwa na magome. Mshipi wa kusuka karibu haunyumbuki kabisa, ni mwembamba kwa nguvu yake, na hupita kwenye mashina ya magugu kwa kuyakata.

Ningekuwa na rili moja tu, ningejaza mshipi wa kusuka wa ratili 30, nikamalizia na kipande cha fluorokaboni cha ratili 15 chenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Kwenye rili ya pili ya kazi nzito, mshipi wa kusuka wa ratili 50 moja kwa moja hadi kwenye ndoano. Kabla ya kuweka mshipi wa kusuka, zungusha kwanza mizunguko kadhaa ya nailoni kwenye kigurudumu cha rili, kwa sababu wa kusuka huteleza wote kwa pamoja ukiwa juu ya chuma kitupu, na utadhani breki imeharibika. Jaza mpaka ibaki milimita 2 au 3 kufikia ukingo. Ukijaza kupita hapo utavuna mafundo, na ukipunguza sana chambo hakiendi mbali.

Fundo nalo. Kwa ndoano na chambo natumia Palomar, kwa kuwa ni rahisi na linashika mshipi wa aina zote tatu. Kunja sentimita 15 za mshipi ziwe mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoano. Funga fundo la kawaida kwa mshipi ule uliokunjwa, ndoano ikining'inia chini, na usilikaze bado. Chukua kile kitanzi, kipitishe chini ya ndoano nzima mpaka kiizunguke na kurudi juu. Lowesha kwa mate. Sasa vuta pande zote mbili kwa pamoja, taratibu, ukiangalia nyuzi zilale sambamba bila kupandana. Kata mkia ubaki milimita 3. Usipolowesha, joto la msuguano huidhoofisha nailoni na fluorokaboni palepale kwenye fundo. Kila baada ya samaki, au baada ya kukwama kwenye gome, pitisha kucha kwenye nusu mita ya mwisho. Ukihisi mkwaruzo, kata na ufunge upya.

Chambo: vichache vinavyofanya kazi

Cha kwanza, na ndicho ningechagua kama ningelazimika kubaki na kimoja, ni nyungunyungu au kamba wa plastiki laini aliyefungwa kwa mtindo wa Texas, ambapo ncha ya ndoano hufichwa ili isishike majani. Unahitaji chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, lenye umbo la risasi, gramu 5 kwa maji ya kina kifupi na gramu 10 kwa kina kirefu au upepo. Ndoano yenye kona shingoni, namba 3/0 au 4/0. Na plastiki ya inchi 5 hadi 7. Fanya hivi:

1. Pitisha mshipi kwenye chubwi kuanzia ncha yake nyembamba, kisha funga ndoano.
2. Ingiza ncha ya ndoano katikati ya kichwa cha plastiki, kiasi cha nusu sentimita, halafu itoe ubavuni.
3. Vuta plastiki ipande hadi kwenye kona ya ndoano, mpaka tundu la ndoano lizame kichwani.
4. Geuza ndoano nusu mzunguko ili ncha ielekee mwilini.
5. Laza ndoano kando ya plastiki uone mkunjo wake unafika wapi. Hapo ndipo pa kuchoma.
6. Choma ncha ipite mpaka upande wa pili, kisha vuta ngozi ya plastiki kidogo mbele ili ncha ijifiche chini yake.

Ining'inize na uitazame. Iwe imenyooka kabisa. Ikiwa imejipinda itazunguka majini, itasokota mshipi, na besi hataigusa. Ukiitupa, iache izame mpaka mshipi ulegee. Inua ncha ya rodi kiasi cha mkono mmoja, shusha, ngoja. Besi wengi hudona plastiki ikiwa inashuka, na utakachohisi ni mguso mdogo tu, pengine mshipi kuhama kando bila sababu. Kusanya ulegevu upesi, kisha inua rodi kwa nguvu. Kwenye maji ya kahawia tumia rangi nyeusi au buluu nzito, kwa kuwa kivuli chake kinaonekana. Maji yakiwa safi rudi kwenye kahawia na kijani kilichofifia.

Cha pili ni chura wa mpira asiyenasa majani, kwa ajili ya zulia la magugu maji alfajiri. Mtupe juu ya zulia lenyewe, mburute kwa mapigo mafupi, msimamishe kwenye kila tundu. Maji yakilipuka, usivute. Ngoja mpaka usikie uzito kwenye rodi ndipo uvute, tena kwa nguvu zote. Hii ni kazi ya ile rodi nzito na mshipi wa ratili 50.

Upepo ukianza kuvuruga maji, chambo chenye bapa la kuzunguka hupata samaki asiyeona vizuri, maana anakihisi kwa mtikisiko. Na kando ya ile migunga iliyokufa, kisamaki kigumu chenye ulimi wa kuzamia kinaweza kugongwa na kurushwa juu ya matawi. Pale kinapogonga na kubadilisha mwelekeo ndipo anapokikamata. Hivyo vinne vinatosha kabisa. Weka rangi mbili za kila kimoja, ndoano na machubwi ya akiba, basi.

Ongeza vitu vidogo ambavyo haviuzwi kwa sifa: plaisi ya mdomo mrefu, kifaa cha kukatia mshipi, wavu wa mkono wa nyuzi zilizopakwa mpira, na miwani ya jua inayoondoa mng'ao wa maji. Miwani hiyo itakuonyesha vigogo vilivyozama, na itakukinga jicho siku chambo kitakapochomoka kwenye mti na kurudi kwako kwa kasi.

Boti ya kufaa

Boti nyingi za kukodi Naivasha ni za fiberi. Kwa wavuvi wawili na mwendeshaji, urefu wa mita 5 unatosha. Uangalie zaidi upana na urefu wa kingo: mawimbi ya Naivasha ni mafupi na yanafuatana karibu karibu, na boti nyembamba yenye kingo fupi huyameza. Ukiikagua ya kununua, panda, simama ukingoni, uone inainama kiasi gani. Tazama ubao wa nyuma unaofungiwa injini. Gonga kwa mpini wa bisibisi ukisikiliza. Mlio mzito uliofifia unaashiria mbao za ndani zimeoza.

Injini. Naivasha iko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, maana yake nguvu-farasi 15 za dukani zinakuwa kama 12 ukifika ziwani. Anayetoka Mombasa na injini yake hushangaa boti haipandi juu ya maji. Dawa ni injini yenye nguvu kidogo zaidi kuliko ungehitaji pwani, propela yenye mwinamo mdogo, na fundi wa kurekebisha kabureta, kwa sababu petroli inazidi hewa na plagi zinashika masizi. Kabla ya kununua, soma kibandiko cha boti kinachotaja nguvu ya juu inayoruhusiwa na usikipite.

Kabla ya kusukuma boti majini, pita kila kitu kwa mpangilio uleule kila siku ili mkono ujue wenyewe. Nguruzi, yaani kizibo cha tundu la kutolea maji, imekazwa na ya akiba ipo. Skrubu za kushikilia injini zimekazwa, na kamba ya usalama imefungwa kwenye boti. Tangi limejaa na tundu lake la hewa limefunguliwa. Kamba ya kuzimia injini iko mkononi mwa mwendeshaji. Ukiwasha, kijimaji cha kupozea kichuruzike nyuma ya injini. Kisipotoka, zima mara moja. Magugu huziba mlango wa maji hayo mara kwa mara, kwa hiyo kitazame hata mkiwa safarini. Propela ikinaswa na majani, punguza mwendo, tia gia ya nyuma kwa muda mfupi, na isipoachia zima injini kabisa ndipo uinyanyue na kuyatoa kwa mkono.

Mafuta yagawe mara tatu: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya upepo.

Vifaa vya lazima ndani ya boti ni hivi. Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, limevaliwa na kufungwa. Lililowekewa mizigo juu halimsaidii mtu. Makafi mawili. Pondo moja refu, ambalo kwa ziwa lenye kina kifupi kama hili lina thamani kuliko kipima kina cha umeme: linasukuma boti kwenye magugu pale propela haifanyi kazi, linapima kina, na linatambua kama chini ni tope au jiwe. Kopo la kutolea maji yanayoingia botini, lililofungwa kwa kamba. Filimbi. Simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, ikiwa na namba za dharura 999 na 112 pamoja na ya mtu aliye ufuoni anayejua mnarudi saa ngapi. Plagi za akiba na spana yake, pini za propela kama injini yako inazitumia, kisu, tochi. Halafu kofia, mikono mirefu na maji ya kunywa, kwa sababu jua la karibu na ikweta kwenye miinuko linaunguza hata asubuhi iliyoanza kwa baridi ya kuvaa sweta.

Nanga

Chini ya Naivasha kwingi ni tope laini. Jiwe lililofungwa kamba linaburuzika tu. Tafuta nanga yenye makucha au bapa za kuchimba, iwe na mita mbili za mnyororo ili shingo yake ilale chini. Kamba iwe mara tano hadi saba ya kina: kwenye mita 4, toa 20 au zaidi. Wenye kamba fupi hulaumu nanga bure.

Fungia omo, yaani mbele ya boti, kila mara. Ukiifunga nyuma, upande wenye injini nzito na ukingo mfupi ndio utakaoyakabili mawimbi, na maji yataingia mkiwa mnatazama rodi. Mwisho wa kamba funga kibuyu cha plastiki kinachoelea, na kwenye boti tumia fundo linaloachia kwa kuvuta mara moja. Kiboko akijitokeza karibu, huna muda wa kuvuta mita 20 za kamba. Achia, ondoka, rudi baadaye uokote kibuyu chako.

Kwenye upepo mdogo, badala ya kutia nanga unaweza kuiacha boti ielee kando ya mafunjo huku ndoo yenye mpini imara ikiburutwa kwa kamba omoni. Inapunguza mwendo, na unafaulu kutupa chambo kwenye kila upenyo.

Kiboko

Hapa ndipo ushauri wa Marekani unaweza kukuua. Huko mvuvi husifiwa kwa ukimya: injini ndogo ya umeme, hakuna kugonga sakafu, anaingia kichakani kimya kimya. Kiboko wa Naivasha anayelala kwenye maji ya mita moja na nusu kando ya mafunjo akishtuliwa na boti isiyo na sauti juu ya kichwa chake anashambulia. Mahali besi anapokaa ndipo kiboko naye anapopumzikia mchana.

Kwa hiyo ingia kwenye ghuba polepole na kwa sauti. Acha injini ya petroli ingurume, gonga ubavu wa boti kwa kafi, halafu simameni mbali na mhesabu vichwa. Kiboko huibuka kupumua kila baada ya dakika chache, hivyo ngojeni bila haraka mpaka mjue wako wapi na wangapi. Mapovu yanayosogea kwa mstari ni mmoja anayetembea chini. Kupiga miayo kwa domo wazi ni onyo. Mwenye mtoto aachwe mbali kuliko wote. Baki mita 50 au zaidi, na usikae kati ya kiboko na maji ya kina, kwa kuwa huko ndiko anakokimbilia. Kama una injini ya umeme, itumie baada ya kujua waliko, ile ya petroli ikiwa imepashwa moto na iko tayari kuwashwa.

Kodi mwendeshaji wa hapo hapo, na swali la kwanza liwe, "Mzee, viboko wamelala wapi leo?" Akisema ghuba fulani hapaendeki, usibishane naye kwa sababu ya mti mzuri ulioona. Na muwe ufuoni kabla ya magharibi, kwani ndio wakati wanapotoka majini kwenda malishoni, na hupita njia zao bila kujali nani yuko njiani.

Siku yenyewe

Kibali kwanza. Kuvua kwa rodi kunahitaji leseni ya uvuvi, na ziwa hufungwa nyakati fulani ili samaki wazaane. Ulizia ofisi ya uvuvi au viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa ufuo, pale Karagita, Kamere au popote utakaposhukia, kabla ya siku ya safari.

Ingieni majini kukiwa kumepambazuka vya kutosha kuona vichwa vya viboko. Asubuhi ziwa huwa limetulia. Anza na chura kwenye ukingo wa magugu, au chambo chochote cha juu. Jua likipanda, besi hurudi ndani ya vivuli, nawe hamia plastiki kando ya mashina na vigogo. Tupa kila upande wa kigogo kimoja mara kadhaa kabla ya kuhama, ukianza na upande wa kivuli. Ukipata samaki mmoja, usiondoke upesi.

Upepo kwa kawaida huamka baada ya adhuhuri, na ukishaamka huongezeka. Mambo mawili hufuata. Mawimbi, ambayo unayajua. Na mazulia ya magugu maji, ambayo huhama na upepo na yanaweza kufunga mdomo wa ghuba mkiwa ndani. Tazama mwelekeo wa upepo kila unapoingia mahali penye njia moja, na magugu yakianza kusogea kuja mdomoni, tokeni hata kama samaki wanadona. Mkiwa mnarudi kwenye mawimbi, kaeni chini, mizigo iwe katikati, omo iyakabili mawimbi kwa mshazari, mwendo wa pole.

Samaki akiwa mkononi, na baada ya hapo

Bana vijino vya ndoano kwa plaisi kabla hata ya kuanza kuvua. Samaki wachache watachomoka, wengi watarudi majini wakiwa wazima, na siku ndoano itakapokuingia kidoleni utashukuru. Lowesha mkono kabla ya kumgusa. Mshike mdomo wa chini kwa gumba na kidole cha shahada, akining'inia wima, au akiwa mkubwa mpe mkono wa pili chini ya tumbo. Usimshike mdomo na kumlaza mlalo, taya linaumia. Unayemwachia mshike majini mpaka ajikurupushe mwenyewe. Anayelinda kiota kwenye maji ya kina kifupi, muache aendelee na kazi yake. Vifaranga vyake huliwa na wengine punde tu anapoondolewa. Unayemla muue haraka, mtoe matumbo na umweke kwenye barafu, nyama yake ni nyeupe na imara, na inapendeza ikikaangwa.

Plastiki zilizochanika na vipande vya mshipi rudi navyo mjini. Naivasha ni eneo la Ramsar, yaani ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, tangu 1995, na mnandi aliyefungwa mguu kwa mshipi uliotupwa hufa akining'inia kwenye ule mgunga uliokuwa unavua kando yake.

Ufuoni, toa nguruzi na uache boti ichuruzike. Suuza injini, futa rodi, kausha chambo kabla ya kufunga sanduku. Kisha kagua trela, nanga, mnyororo, wavu na uvungu wa boti, utoe kila jani na kila mzizi wa magugu maji, hata kipande kidogo, na kuviacha vikauke juani mbali na maji. Kamba nao hujificha kwenye tope la mnyororo. Kama boti inahamia bwawa au ziwa jingine, iache ikauke kabisa kwanza, nanga na kamba zake zikiwa zimetandazwa.